Piga Mstari, Chungu Kinaungua

Walimwita Rula. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa chini ya godoro. Mtaani hakuna aliyelihitaji. Ukitaka ukuta wako upakwe rangi, na katikati upite mstari wa kutenga rangi ya juu na ya chini, unamwita Rula. Anakuja na ndoo, brashi, uzi na unga wa chaki. Anakuja pia na mdomo uliofungwa. Salamu anaitikia, chai anakunywa, maneno mengine yote anakuachia wewe mwenye nyumba.

Sasa alikuwa mzee. Magoti yalilia kama bawaba zisizotiwa mafuta. Na ukumbi mkubwa wa sanaa wa mjini ulikuwa unamfanyia maonyesho. Yeye, mtu ambaye shule aliijua kwa nje tu, kwa sababu aliipaka rangi.

Kazi zenyewe zilikuwa hivi: mraba. Mstari. Mraba na mstari. Siku akichangamka sana, miraba miwili. Rangi ni kijivu, nyeusi, nyeupe, na ile ya udongo ambayo hubaki ndooni kila mahali, maana kila mwenye nyumba huitaka, halafu ukuta mmoja ukishapakwa hujuta. Mtu hamna. Mti hamna. Ndege hamna.

"Hata nzi hamna," mkewe alikuwa akisema. "Nzi akitua pale anaondoka mwenyewe kwa upweke."

Mambo yalianza na tundu. Walikuwa ndiyo kwanza wamehamia kwenye vyumba vyao viwili na jiko, na ukuta wa jikoni ulikuwa na tundu la kupitisha kichwa cha mbuzi. Upepo ukiingia, moto unazimika. Mke akaomba lizibwe. Rula akachukua kipande cha plaiwudi, akakipaka kijivu. Akakiona kitupu mno. Akapitisha mstari mweusi, akakigongomelea.

Mke akasimama mbele yake na mwiko mkononi.

"Nimekuomba kiraka, umeniletea bendera."

"Ni kiraka."

"Ya nchi gani?"

"Ya jikoni."

Mke akakitazama kwa muda. "Haya. Kama jikoni ni nchi, jeshi lake ni mimi."

Toka siku hiyo Rula akamwita Afande. Naye Afande akaitikia, na akakishika cheo chake sawasawa.

Kiraka hakikumtosha Rula. Kila ndoo iliporudi na rangi chini, alitafuta ubao. Milango mibovu, migongo ya makabati, plaiwudi zilizobaki kwa mafundi. Zikajaa chini ya kitanda, nyuma ya kabati, juu ya kabati. Afande hakuzitupa. Alizipa kazi. Moja ilizuia kuku wasiingie ndani. Moja ilikaa chini ya mguu wa meza iliyoyumba. Ile nzuri kuliko zote, nyeupe yenye mstari mmoja wa udongo, ilikuwa kifuniko cha pipa la maji.

Kifuniko hicho ndicho kilichomponza, au kilichomtoa, sijui lipi. Msimamizi wa ukumbi wa sanaa, binti mwenye miwani mikubwa kama vioo vya gari, alikuja kumtafuta Rula ampakie ofisi rangi. Akaomba maji. Afande akafunua pipa. Binti akakishika kile kifuniko kwa mikono miwili, na maji hakunywa tena.

"Mama, ziko nyingine kama hii?"

"Ziko za kukutosha wewe na ukoo wako," Afande akasema. "Chukua zote. Hicho nirudishie, mende wataingia majini."

Ndivyo ilivyokuwa. Zote zikaondoka, kifuniko kikabaki. Na binti yule akasema: ukuta wa mbele, ule unaotazamana na mlango, nitauacha wazi. Tunataka mzee atufanyie kazi moja mpya. Rula akasema sawa. Afande alikuwa hai wakati ule, na sawa lilikuwa neno jepesi.

Sasa sikiliza jinsi mstari unavyopigwa, maana hapo ndipo penye mambo. Mstari mrefu haupigwi kwa rula. Unachukua uzi, unauburuta kwenye unga wa chaki mpaka ushibe. Mmoja anashika ncha ya kushoto juu ya alama. Mwingine anashika ncha ya kulia juu ya alama yake. Mnauvuta mpaka unakaza. Mmoja anaubana kwa vidole, anauinua kidogo, anauachia. Tap! Unga unabaki ubaoni, unapaka rangi kwa kuufuata. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtu mmoja hapigi mstari.

Rula alishika kushoto. Afande alishika kulia, kwa sababu kulia ndiko kulikokuwa na jiko. Mkono mmoja mwiko, mkono wa pili uzi. Macho yote mawili kwenye chungu.

"Alama iko juu kidogo, Afande."

"Nimeiona."

"Kidole kiko chini yake."

"Alama yako haiungui. Chungu kinaungua. Piga mstari."

Tap.

Mstari ulitoka ukiteremka kulia. Si sana. Kama meza yenye mguu mmoja mfupi. Mwanzoni Rula alikuwa akifuta na kurudia. Mara ya pili Afande alishuka zaidi, maana na chungu kilikuwa kimeungua zaidi. Rula akaona heri ya kwanza. Miaka ikaenda, akaacha kufuta kabisa. Na kwenye ukingo wa kulia pakabaki kila mara alama ya dole gumba, la mafuta na masizi. Hiyo nayo aliiacha. Si kwa mapenzi, msije mkadhani. Kwa uvivu. Kutoa mafuta kwenye rangi ni kazi.

"Mtu anaitwa Rula," Afande aliwaambia wageni, "na mistari yake yote imelewa."

Kisha Afande akafa. Aliugua kwa muda mfupi. Hospitali walimletea supu, akaionja, akasema imepikwa na mtu anayeogopa chumvi. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ambayo Rula alikumbuka vizuri. Yaliyofuata yalikuwa ya homa.

Siku ya mazishi, wanaume walishika kamba, wawili kushoto na wawili kulia, wakaanza kushusha jeneza. Upande wa kulia ukatangulia kushuka.

Rula akaona. Kicheko kikampanda mpaka kooni. Akafunika uso kwa kofia, mabega yakatikisika, watu wakasema maskini, analia, wakamshika mikono. Baada ya muda alikuwa analia kweli, lakini hakujua kicheko na kilio vilipishana wapi.

Tangu hapo hakupiga mstari.

Siyo kwamba hakujaribu. Ubao mkubwa wa ukuta wa mbele aliupata. Akaupaka kijivu, akausimamisha palepale jikoni. Upande wa kulia akapiga msumari kwenye alama, akafunga uzi, akavuta, akaachia. Mstari ukatoka umenyooka kama maiti. Akaupaka kijivu juu yake. Akajaribu tena, safari hii akaushusha msumari kwa makusudi. Ukateremka, ndiyo, lakini uliteremka kama msumari ulioshushwa. Akaupaka kijivu. Akapiga, akapaka, akapiga, akapaka, mpaka ubao ukawa mnene na bado hauna kitu.

Kumwita jirani amshikie, hakuweza. Mdomo ulikataa. Kumwambia mtu mwingine shika hapa ilikuwa sawa na kusimama mlangoni na kutangaza msiba mara ya pili.

Siku mbili kabla ya ufunguzi akaitwa ukumbini kuangalia picha zilivyotundikwa. Akaenda na suruali yake ya kazi, kwa sababu nyingine hakuikumbuka. Sakafu ya ukumbi iling'aa hata ukaionea huruma kuikanyaga. Fundi wa kutundika akampokea mlangoni. Mtu mzima, mwenye sharubu za kuchana, na pima maji ndogo ya kupimia usawa mfukoni kama kalamu ya mwalimu. Alikuwa anatabasamu kama aliyemwekea mtu zawadi.

"Karibu, mzee wangu. Nimekufichia aibu."

"Aibu gani?"

"We ingia, uone mwenyewe."

Rula akaingia. Picha zote zilikuwa zimelala upande. Zote. Fremu kubwa, fremu ndogo, ukutani mwote, kama abiria waliosinzia.

"Mistari yako ilikuwa inateremka, mzee," fundi akasema kwa upole. "Nadhani ni macho. Hata baba yangu yalimwanza hivyohivyo. Sasa mimi sikuweka pima maji juu ya fremu. Nimeiweka juu ya mstari. Tazama, povu limetulia katikati. Hapa pia. Hapa pia. Hakuna atakayejua."

Rula akatazama kushoto. Akatazama kulia. Miaka yote ya Afande kukimbilia chungu, na bwana mmoja mwenye sharubu amemnyoosha kwa misumari. Kicheko kikaanza tumboni. Kikapanda. Rula akacheka mpaka akakaa juu ya sanduku la vifaa, akacheka mpaka fundi akaenda kumletea maji. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu kile cha makaburini.

Msimamizi akatokea, viatu vyake vikigonga sakafu. Akasimama. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Mzee wetu," akasema polepole, "hili ni wewe uliyeagiza?"

"Siyo mimi."

"Kwa sababu, kusema kweli, lina nguvu sana."

"Siyo mimi, mwanangu."

"Ah. Basi ni kosa." Sauti yake ikashuka kama ya mtu aliyenyang'anywa kitu. "Fundi! Umefanya nini?"

"Nimesawazisha."

"Nani alikwambia usawazishe? Mteremko ndiyo maonyesho yenyewe! Nimeuandikia maelezo!" Akamgeukia Rula, akamwonyesha bango karibu na mlango. Akamsomea, maana alijua Rula na herufi hawasalimiani. "Mteremko wa msanii ni namna yake ya kukataa kusimama sambamba na mamlaka."

Rula akatafakari. Mamlaka yenyewe ndiyo yaliyoshusha mstari, yakiwa na mwiko.

"Nimekosea?" binti akauliza.

"Mamlaka yamo," Rula akasema.

Binti akafurahi. Fundi naye, kuona hali imepoa, akataka kujitetea kwa wema mwingine.

"Na ule uchafu wa pembeni, mzee, nimeanza kuufuta. Kila picha ina doa la mafuta kulia, sijui ni wabebaji. Hii ya mlangoni imeshatakata."

Kicheko kikakauka. Rula akainuka. Akaenda mpaka picha ya mlangoni, akaupitisha mkono kwenye ukingo wa kulia. Ulikuwa safi kama sahani ya mgeni. Akapitisha mkono tena, kana kwamba mara ya kwanza aliruka mahali.

"Acha kitambaa, fundi."

"Lakini ni mafuta haya, mzee. Tena nadhani ni ya kupikia."

"Ndiyo hayo."

Fundi akatazama kitambaa chake. Sharubu zikaanguka. "Nimeharibu?"

Fundi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasafisha. Hata Afande angemsifu.

"Fremu zirudishe," Rula akasema.

"Nirudishe mistari kwenye upogo?"

"Rudisha upogo."

Msimamizi akamsindikiza hadi nje. Walipoupita ukuta wa mbele, mweupe, mtupu, mpana kama aibu, akauliza, "Na kazi mpya, mzee? Imefikia wapi?"

"Inakauka," Rula akasema.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Rula iliishia kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe, ambapo shemeji yake alikuwa amekaa kwenye kigoda akimsubiri.

Huyu alikuwa mdogo wa kike wa Afande. Fundi cherehani, mrefu, utepe wa kupimia shingoni hata siku za mapumziko. Dada mtu alikuwa mfupi na mwenye haraka. Mdogo mtu alikuwa mrefu na hajawahi kukosea mshono. Mdomo tu ndio walionunua duka moja.

"Shemeji, nimekushonea shati," akasema bila salamu. "Usije ukaenda na hilo la rangi, wakakutundika ukutani."

"Asante."

"Usinishukuru. Fungua mlango, nimekaa hapa mpaka makalio yamekufa ganzi."

Wakaingia jikoni. Shemeji akausimamia ule ubao wa kijivu, mikono kiunoni.

"Hii ndiyo mpya?"

"Bado."

"Haina kitu."

"Bado, nimesema."

"Hata zile zilizokwisha hazina kitu, shemeji. Sasa hii ikikwisha ndiyo itakuwaje? Itatoweka?"

Rula akaweka birika. Shemeji hakukaa. Alikuwa na jambo, na jambo lilikuwa linamwasha.

"Nikuulize, na usinijibu 'mm'."

"Mm."

"Umeishi na dada yangu tangu nywele zenu ni nyeusi. Umepaka milango, umepaka makabati, umepaka kifuniko cha pipa. Yeye hukumchora. Hata pua! Mtu akiwa na pua kama ile, unaachaje? Jumamosi watakuja watu na mashati yao mazuri, watazunguka ukumbi mzima, watatoka, na hakuna atakayejua kwamba ndani ya nyumba ile kulikuwa na mke. Mraba utaonekana. Dada yangu hataonekana." Akavuta pumzi. "Mimi siendi. Shati nimekupa, lakini siendi."

Birika likaanza kunung'unika. Rula alitazama ubao. Alitazama uzi, umelala kwenye bakuli la chaki kama mnyoo. Akauokota. Mdomo ulikuwa unakataa, lakini safari hii aliulazimisha.

"Shika hapa," akasema.

"Nishike nini?"

"Uzi. Upande huo. Palipo na alama."

Shemeji akamtazama kama mtu aliyeombwa mchango katikati ya ugomvi. Lakini ni fundi, na fundi ukimpa uzi, mkono huitikia kabla ya kichwa. Akaushika. Akauweka juu ya alama sawasawa, akavuta hadi uzi ukaimba. Rula akabana, akainua, akaachia.

Tap.

Mstari ulikuwa umenyooka kabisa.

"Umenyoosha," Rula akasema.

"Ulitaka nipinde? Mimi nimeshona suti za maharusi, bwana!"

"Dada yako hakuwa ananyoosha."

Akaenda kwenye pipa, akachukua kifuniko, akakileta penye mwanga wa dirisha. Akamwonyesha mstari wa udongo unavyoteremka. Akamwonyesha dole gumba pembeni, mistari yake yote, hata kovu dogo la kisu. Kisha akaongea. Shemeji alisema baadaye kwamba siku hiyo Rula aliongea maneno ya mwaka mzima, na mengine akakopa ya mwaka unaofuata.

"Hapa alikuwa anaonja chumvi. Mstari umeshuka kidogo tu. Kuna mmoja uko ukumbini, mweusi, mkubwa, ule umeanguka hasa. Siku hiyo maziwa yalifurika. Kuna mmoja karibu unyooke. Alikuwa amenuna, hakupika. Yote ni yeye alishika. Sijawahi kupiga mstari bila yeye. Pua sikuchora. Sijui kuchora pua."

Shemeji alikuwa ameshika dole lile kwa dole lake. Kovu la kisu alilijua. Waligombania kitunguu, wakiwa wadogo.

"Kwa hiyo," akasema, "watu wataacha shughuli zao, wavae viatu vya kung'aa, waje kumwangalia dada yangu anaunguza chungu."

"Ndiyo."

"Na wanaita sanaa."

"Ndiyo."

"Angejua angewatoza kiingilio." Akajifuta macho kwa ncha ya utepe wa kupimia. "Haya. Paka juu ya huo wangu. Nikushikie tena."

Rula akapaka. Rangi ilipokauka wakashika tena. Shemeji, kwa nia njema, akateremsha ncha yake chini ya alama, akakunja uso, akajifanya ana haraka.

"Hapana," Rula akasema. "Huo ni wa kuigiza."

"Sasa unataka nini, we mzee? Ninyooshe hutaki, nishushe hutaki!"

Rula akaketi. Shemeji akatembea jikoni, akafungua kabati, akafunga, akatikisa kopo.

"Maziwa unayo?"

"Yapo."

"Lete sufuria."

Akaondoa birika, akawasha jiko upya, la palepale kulia. Akamimina maziwa mpaka karibu ya ukingo, kwa makusudi. Akashika uzi kwa mkono mmoja. Rula akashika kushoto. Watu wazima wawili wakasimama jikoni mchana kweupe, wakisubiri maziwa yawatie haraka.

Maziwa yanayotazamwa hayachemki. Waliyasubiri. Shemeji akaanza kumsema mteja wake mmoja anayenenepa kila akipimwa na kuulaumu utepe. Akasahau uzi. Akasahau alama. Akawa katikati ya kiuno cha yule mteja, na Rula katikati ya kutabasamu, maziwa yalipopanda.

"Yalaa!"

Shemeji akainama kuivuta sufuria kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia, wenye uzi, ukabaki nyuma, ukaruka juu kama wa mtu anayeteleza. Urefu wake wote ukaenda kwenye ule mkono.

"Piga!" akapiga kelele. "Yanamwagika! Piga mstari, we mzee!"

Tap.

Maziwa yakazima moto. Jikoni kukanuka. Walipogeuka kutazama ubao, mstari ulikuwa unapanda. Ulianza kushoto, kwa Rula, ukapanda kulia. Na kwenye ukingo, juu kabisa ambako Afande hakuwahi kufika hata kwa kigoda, palikuwa na dole gumba jeupe la maziwa na chaki.

"Nimeharibu," shemeji akasema.

"Umepandisha."

"Dada alikuwa anashusha."

"Wewe siyo dada."

"Futa basi, turudie. Yamebaki maziwa kidogo."

Rula akachukua brashi, akaichovya kwenye nyeusi. "Sifuti," akasema, akaanza kupaka.

Jumamosi shemeji alikwenda. Alivaa nguo aliyojishonea mwenyewe, na njia nzima alimnyoosha Rula kola. Kazi mpya ilikuwa kwenye ukuta wa mbele, na fremu imekaa sawa. Fundi alikuwa amesimama chini yake. Kila baada ya muda mkono wake ulienda kwenye pima maji, ukaishika, ukairudisha mfukoni. Mtu anaweza kuacha pombe kwa taabu ileile.

Watu walikuwa wengi. Walizunguka na vinywaji, walisogea karibu, walirudi nyuma, waliinamisha vichwa. Bwana mmoja mwenye tai alimuuliza Rula anataka kusema nini na mraba. Rula akasema, "Mm." Bwana akatikisa kichwa kwa heshima, akaenda kuwaambia wenzake.

Msimamizi alikuwa ameandika bango jipya chini ya kazi mpya. Akamsomea Rula na shemeji: baada ya maisha ya kuteremka, mkono wa msanii umeinuka kuelekea matumaini.

"Binti," shemeji akasema, "ni maziwa."

Msimamizi akafungua mdomo. "Maziwa," akarudia. Miwani ikang'aa. "Ndiyo. Ndiyo! Maziwa!" Akaondoka haraka kutafuta kalamu.

"Sasa huyo nimemfanya nini?" shemeji akauliza.

"Mwache," Rula akasema. "Ana nia njema."

Kisha shemeji akaanza safari yake. Hakutazama miraba. Alikwenda picha hadi picha, upande wa kulia, akainama, akatafuta dole, akalipata, akatikisa kichwa kama anayeitikia salamu. "Huyu hapa. Haya. Na huyu hapa. Ona, hili la siku ya maziwa, limekaa vibaya." Mlinzi akamwambia mama, hairuhusiwi kugusa. Akamjibu kwamba hagusi, anasalimia, na yeye mlinzi mama yake hakumfundisha kusalimia? Mlinzi akaomba radhi. Rula alimfuata nyuma, mikono mgongoni, amevaa shati jipya lililomkaa sawasawa kila mahali. Hajawahi kuvaa nguo iliyonyooka hivyo. Ilimwasha.

Wakafika picha ya mlangoni. Shemeji akainama. Akatafuta juu, akatafuta chini. Akainuka.

"Hapa hayupo."

"Alifutwa."

"Na nani?"

Fundi, aliyekuwa amesogea pale kwa wasiwasi wake, alitazama viatu vyake kwa namna ambayo hata kipofu angeelewa.

Shemeji hakugomba. Hilo peke yake lilimshtua Rula. Mhudumu alikuwa anapita na sinia la vitafunio. Shemeji akachukua kimoja kilichokaangwa, akakimaliza kwa matonge mawili, hana haraka. Akalitazama dole lake gumba. Lilikuwa linang'aa. Akatazama kushoto, akatazama kulia, mlinzi alikuwa mbali. Akalibandika kwenye ukingo wa picha, akalikandamiza, akalitoa.

"Hilo siyo lake," Rula akasema chini kwa chini.

"Najua siyo lake. Ni la mdogo wake. Alipokuwa hai alinituma mambo mangapi ambayo yalikuwa kazi yake? Hili nalo amenituma."

Rula akalitazama. Lilikuwa juu kidogo ya pale lilipokuwa lile la zamani. Akaliacha hapohapo.

Fundi alikuwa ameyaona yote. Doa jipya, la mafuta, linang'aa chini ya taa, na yeye amesimama hatua mbili tu, na kitambaa kimo mfukoni. Mkono ukaenda mfukoni. Kitambaa kikatoka. Shemeji na Rula wakamgeukia kwa pamoja.

Fundi akakitazama kitambaa. Akalitazama doa. Kisha akakipeleka kwenye sharubu zake, akapenga kamasi kwa nguvu zote, akakirudisha mfukoni.